Mwonja Chumvi

Ijumaa, 2 Agosti

Mama Mdogo, shikamoo.

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali nenda ukae mahali ambapo wapishi wenzako hawawezi kuchungulia juu ya bega lako. Kila neno nililoandika humu libaki kati yako na mimi. Usimsomee mtu, hata kwa kucheka, na ukimaliza itie barua motoni chini ya sufuria. Zaidi ya wote, Shemeji asijue. Unajua ni yeye aliyeniombea kazi hii kwa Mkuu wa Masjala, na bado niko kwenye majaribio hadi mwisho wa mwezi. Neno lake liliniingiza na neno lake linaweza kunitoa.

Aibu yangu ni hii. Mtoto wa Dada yuko kwangu na hali chakula.

Dada alimleta Jumapili, Shemeji akiwa safarini kufuata mizigo ya ghala. Alibisha hodi na mtoto mkononi na begi dogo. Akasema, “Shule zimefungwa. Kaa naye mpaka nije.” Nikamuuliza kama Shemeji anajua. Akasema, “Anajua kaenda kwa mjomba wake. Wewe mlishe tu.” Nilitaka kumchemshia chai, akakataa hata maji. Gari lililomleta ndilo lililomrudisha.

Wewe unajua mapishi yangu. Nyumbani hapa nachemsha chai, basi. Mchana nakula kwa mama anayeuza chakula langoni kwa ofisi, usiku nakula mkate. Sasa nimenunua sufuria mbili na mwiko, na nimepanga ratiba ya mlo wa wiki nzima, nimeipigia mistari kwa rula kama ratiba ya vikao: mayai na mkate, wali na maharage, viazi na karoti, supu, ndizi kila jioni. Nimeibandika ukutani. Mtoto akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akaniuliza, “Mjomba, hii ni sheria?”

Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haufungiki, na kweli mchana kutwa ananisimulia habari za kila kitu, mpaka mwenye nyumba amecheka. Lakini nikiweka tu sufuria mezani ananyamaza. Haketi. Anasimama karibu na mlango mpaka mimi nimalize, ndipo anamega kidogo, tena akiwa wima. Na ana tabia moja imenishinda: kabla sijala anachovya kidole kwenye sahani yangu, analamba, anaangalia juu kama mtu anayesikiliza kitu, halafu anasema, “Imekaa sawa.” Nilimkemea kwa upole. Kesho yake alifanya tena wakati naosha mikono.

Anakonda, Mama Mdogo. Shemeji akija kumchukua akamkuta hivi, atasema nini kwa Mkuu? Wewe unalisha chekechea nzima, hata wakati huu wa likizo. Niambie watoto wanapikiwa nini.

Mwanao.


Alhamisi, 8 Agosti

Marahaba mwanangu, karani wangu mwenye rula.

Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la mchele na mlango nimeufunga kama ulivyoagiza. Mwenye funguo akadhani nalamba sukari. Kwa ajili yako nimeonekana mwizi, ujue.

Kwanza ondoa hiyo karatasi ukutani. Mtoto gani ameshawahi kula ratiba? Pili, usimuulize anataka nini, maana atakuambia hataki. Karoti zikate miduara, mwambie ni macho ya sungura. Viazi viponde na maziwa, jenga kilima, toboa shimo juu umimine supu, mwambie ale mlima kabla haujapasuka. Yai lichemshe, likate katikati, kila nusu ni mtumbwi. Wali kidogo sana kwenye sahani, ili aombe tena. Mtoto akiona rundo anashiba kwa macho. Tena mpe mwiko akoroge mwenyewe. Mimi watoto wangu hapa wakikataa kitu nawaambia ni cha walimu tu, na kabla sijageuka kimekwisha.

Habari ya kidole, wacha kumkemea. Huyo atakuwa mpishi kama bibi yake mdogo, damu haipotei. Na kusimama mlangoni ni adabu hiyo. Dada yako kamlea vizuri, anangoja mkubwa ashibe kwanza. Watoto wa siku hizi wanakupora kijiko mkononi. Mwandikie dada yako umpongeze, maana naye hasifiwi na mtu.

Nawe acha hofu. Toka udogoni ulikuwa ukiogopa mpaka kivuli cha kanzu kwenye msumari. Mtoto kukonda kidogo ugenini si kesi.

Mama yako Mdogo.


Jumatatu, 12 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ya kunipongeza ilifika ikiwa imefunguliwa. Aliyenikabidhi aliisoma mbele yangu kwa sauti, mpaka pale ulipoandika kwamba mtoto anaonja sahani yako na kusema imekaa sawa. Hapo akaikunja, akanipa.

Usiandike tena kupitia nyumbani. Ukiwa na neno, mpe yule mama muuza vifungo na nyuzi. Kila wiki anapita huko kwenu kuchukua bidhaa, na mimi ndiye mteja wake. Tunamwita Mama Vifungo. Hana maneno.

Asionje chakula chako. Mkataze. Mwambie kwa mjomba hakuna haja. Mwambie nimesema mimi.

Habari nyingine usiniandikie. Niandikie amekula nini, basi. Nikisoma “amekula yai” siku yangu inakwenda. Viazi anapenda, ila usivikaange mpaka vikauke. Maziwa yawe ya uvuguvugu. Zamani alipenda sana maharage.

Nina magauni ya watu ya kumalizia. Nikimaliza nitakuja.

Dada yako.


Jumamosi, 17 Agosti

Mama Mdogo, shikamoo.

Barua ya kwanza nilikuomba siri kwa ajili ya kazi yangu. Leo nakuomba tena, na leo si kwa ajili yangu. Ukihisi huwezi, usiendelee kusoma. Ichome hivyo hivyo.

Mambo yako yalifanya kazi, nakushukuru. Mlima wa viazi aliula mpaka chini, tena akacheka supu ilipomwagika. Yai aliliita mtumbwi. Lakini aliendelea kusimama mlangoni, na aliendelea na kidole, hata nilipomwambia mama yake kakataza. Aliniitikia, “Sawa, Mjomba,” akaonja nikiwa nimegeuka.

Juzi nilipika maharage, kwa kuwa Dada aliniambia anayapenda. Siku hiyo Mkuu alinigombeza kwa jalada lililowekwa rafu isiyo yake, nikawa napika huku kichwa kiko ofisini. Nikatia chumvi, nikasahau, nikatia tena. Nilipoonja nikasonya. Ndiyo tu, nilisonya, kama mtu yeyote. Nikachukua ndoo nikaenda bombani uani ili niongeze maji. Kulikuwa na foleni kidogo.

Niliporudi, sufuria ilikuwa sakafuni mbele yake na ameyamaliza. Yote, Mama Mdogo. Maharage ya chumvi ile, ya moto vile, kwa mkono. Mdomo umemvimba, machozi yanamtoka, na bado anafuta ukingo wa sufuria kwa kidole ili pasibaki kitu. Aliponiona akasema, “Usikasirike, Mjomba. Yamekwisha.”

Nikamuuliza kwa nini amefanya hivyo. Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. Akasema, “Yakiisha hakuna cha kurusha.”

Alitapika sana. Nilimpa maji na maziwa, nikamkalia karibu. Baadaye mdomo ukarudi, akanisimulia kwa sauti yake ile ile ya kusimulia habari za paka. Kwamba baba akisonya, mama anainama. Kwamba mama hasikii tena chumvi, kwa sababu akiogopa ulimi wake unakuwa kama kitambaa, kwa hiyo anayeonja ni yeye. Anaonja kila siku kabla sahani haijapelekwa. Kwamba mara moja alikosea kwa sababu alikuwa na mafua, na sahani ikampata mama “hapa,” akaniwekea kidole juu ya jicho. Kisha akasema, “Ndiyo maana mimi sili sana. Nikishiba sisikii vizuri.”

Unakumbuka lile kovu la Dada. Alituambia ni mlango wa kabati. Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba mwanawe ana adabu nzuri.

Sikutumii barua hii ili umwambie mtu. Nataka uniambie mimi la kufanya, kwa sababu wewe ndiye uliyetulea na sina mwingine. Shemeji asisikie hata nusu neno. Dada bado yuko mle ndani.

Mwanao.


Alhamisi, 22 Agosti

Mwanangu,

Nimesoma, na nimelia pale stoo mpaka aproni ikalowa. Maharage hayo yameniuma.

Sasa nisikilize mimi mtu mzima. Watoto hutia chumvi katika maneno yao, nawe unayachukua yote kama yalivyo. Kurusha sahani si kitu kizuri, lakini mwanamume gani hana hasira? Baba yenu mkubwa alikuwa akipiga teke meza mpaka leo ina miguu mitatu, na tumemzika kwa heshima. Ndoa ni kuvumiliana. Ukiipeleka kwa watu inavunjika, ukiizungumza ndani inapona.

Kwa hiyo nimekwenda. Najua ulisema nisiseme. Lakini mwanangu, hii si siri ya kukaa nayo. Tungekaa wote kimya, na kesho likatokea kubwa, ningejiita mama gani? Nikapanda gari asubuhi, nimevaa vizuri, nikamkuta shemeji yako nyumbani. Nilizungumza naye kwa hekima, sikumtaja vibaya hata mara moja. Nilimwambia tu, “Baba, mtoto ameyasema haya kwa mjomba wake, nawe ni mtu mwenye heshima zako, punguza.” Alinisikiliza kichwa ameinamisha. Hakunikatiza. Akaniambia, “Asante mama kwa kunionyesha.” Akamtuma mtu aniletee soda, akanisindikiza mpaka kituoni na mwavuli. Dada yako alikuwa chumba cha cherehani, hakutoka, nadhani alikuwa na kazi nyingi.

Utaona mambo yatatulia. Mtoto mpe supu nyepesi siku chache, tumbo lipoe. Ndizi iliyopondwa pia nzuri.

Mama yako Mdogo.


Jumamosi, 24 Agosti

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kazi inakwenda.

Nimekuja kufahamu kwamba binti yangu aliye kwako anakusumbua katika kula. Pole sana. Nashukuru kwa moyo wako, ingawa ningefurahi zaidi kuyasikia kutoka kwako kuliko kwa mama yenu mdogo, ambaye sote tunajua mdomo wake haupitwi na jambo.

Nyumbani mtoto huyu anakula kila kitu. Pengine kinachomsumbua ni upishi wa kibachela, usikasirike nikikutania. Nitafika kumchukua Jumamosi ijayo, tarehe 31, asubuhi. Awe ameshaoga na vitu vyake viwe tayari. Mwambie nyumbani wanamngoja.

Nilipata nafasi ya kuzungumza na Mkuu wako. Nilimwambia kijana wetu siku hizi kazidiwa na shughuli za jikoni, tukacheka sana. Nilimwambia pia kwamba nilipomsemea nilimfahamu kama mtu anayejua kutunza yaliyomo ndani ya jalada. Mtu wa masjala asiyejua lipi ni la kutoka na lipi ni la kubaki, sijui atafaa kazi gani.

Dada yako anakusalimu. Angeandika mwenyewe, ila aliteleza jikoni na mkono umefungwa plasta. Ni ule wa kulia. Nimemwambia apumzike na cherehani.

Shemeji yako.


Jumanne, 27 Agosti

Mama Mdogo,

Uliniandikia kwamba alikupa soda. Ilikuwa ya baridi?

Nauliza kwa sababu nataka kujua kila kitu cha siku ile. Nataka kujua ulikaa kiti gani, na kama uliisikia cherehani ikikimbia wakati unazungumza, au ilikuwa kimya. Mimi najua ilikuwa kimya. Dada alikuwa nyuma ya mlango anakusikiliza ukimwambia yule mtu kwamba mtoto amesema. Kisha ukasindikizwa kwa mwavuli, mlango ukafungwa, na ndani wakabaki watu wawili.

Mkono wake wa kulia umevunjika. Shemeji ameniandikia kwamba aliteleza jikoni. Naona jiko la nyumba ile lina utelezi mwingi.

Mkuu aliniita jana. Hakuniambia niketi. Alisema majaribio yangu hayataendelea, nirudishe funguo za kabati Ijumaa. Nilikuwa nimeliogopa jambo hilo tangu siku ya kwanza, nilale nalo, niamke nalo, nikulazimishe wewe ujifungie stoo kwa ajili yake. Sasa limekuja, na nimekuta kwamba mchana ule ule nilimenya karoti.

Sikuwa nakuomba hekima. Nilikuwa nakuomba kimya. Hekima kila mtu anayo, wewe unayo, Shemeji anayo, anaimwaga kwa ukurasa mzima na nukta zake zimekaa vizuri. Kimya ndicho kilichokosekana, na anayelipa ni aliyekuwa hajasema neno.

Ulituogesha, ulitulisha, ulituuguza surua mimi na Dada kitanda kimoja. Hayo siyafuti. Lakini usije hapa, na usiandike. Utakayemkuta ni mpangaji mwingine. Chiriku anakusalimu, amekuuliza watoto wa shuleni kwako wanaonjewa na nani.

Mimi.


Alhamisi, 29 Agosti
Kwa mkono wa Mama Vifungo

Dada yangu,

Nimemwomba Mama Vifungo asikuachie karatasi hii. Atakusomea wakati anakuhesabia vifungo, kisha ataondoka nayo. Kwa hiyo usihangaike kuishika kwa mkono wa kushoto. Sikiliza tu, na yaweke kichwani. Mtu akiingia, ataanza kukusomea bei za nyuzi.

Mimi ndiye niliyesema. Nilimsimulia mtu mmoja tu, mtu niliyemwita mama, na yeye akaenda akamsimulia anayehusika. Sikuombi unisamehe. Nakwambia ili usimfikirie mtoto. Yeye aliniambia mimi, na alikuwa na haki ya kuniambia.

Barua ya kukutaka umwite mtoto arudi ikifika kwangu, hata kama ina saini yako, nitajua hukuiandika wewe. Usihangaike kunipa ishara. Simrudishi. Jumamosi akifika ataukuta mlango wazi na chumba kimefagiliwa. Mwenye nyumba nimemwambia nimehamishwa kikazi, akanionea fahari, akanipa mkono.

Uliniambia nikuandikie amekula nini, basi. Haya. Jumatatu alikula supu ya karoti, nusu bakuli, wima. Jumanne viazi, wima. Jana sikutia chumvi kabisa. Nilipika wali na yai, nikapakua sahani mbili zisizo na ladha yoyote, nikaweka kopo la chumvi katikati ya meza, nikamwambia, “Kwenye nyumba hii kila mtu anajitilia mwenyewe. Ikizidi, kaizidisha mwenyewe, na hakuna wa kumsonya.” Akaliangalia lile kopo muda mrefu. Akauliza, “Na wewe?” Nikasema hata mimi. Nikatia yangu makusudi, nyingi, nikala, nikakunja uso. Aliniangalia mikono, Dada. Hakuniangalia uso, aliniangalia mikono. Nilipoendelea kula akavuta kiti akakaa.

Hakutia chumvi hata punje. Alikula wali mtupu, akala yai, akaomba tena. Nikamuuliza kama ni tamu. Akasema, “Haina kitu. Ndiyo maana tamu.”

Sijui kama utakuja. Naogopa kwamba hutakuja, na naogopa zaidi kwamba utakuja na mtu nyuma yako. Unanijua, naogopa kila kitu. Sasa hivi naandika, na Mama Vifungo ananingoja mlangoni akisema wino hauna haraka. Lakini ukiamua, usingoje magauni ya watu yaishe. Magauni hayaishi.

Shika haya. Panda gari la mji unaofuata baada ya wetu, siyo la mjini kwetu. Shuka kituo cha mwisho, ambapo kila mtu anashuka, ili usionekane umeshuka peke yako. Usilitaje jina langu kwa mtu. Fuata harufu ya mikate mpaka kwenye tanuri lenye bomba refu la moshi. Muulize mwoka mikate kama ana kazi ya kushona magunia ya unga. Atakujibu kwamba ana karani anayeshughulikia magunia, na atakuonyesha kwa kidole mlango wa nyuma, wa bati, uliopakwa rangi ya kijani nusu. Huyo karani ni mimi, nimepata kazi hapo wiki hii. Kama nimetoka, subiri ndani, kuna benchi. Mtoto akikufungulia, mwache akuangalie kwanza.

Usilete nguo, usilete chakula, usilete zawadi. Usiwe na wasiwasi wa mkono. Hapa hakuna atakayekuambia upike. Njoo na njaa tu. Chumvi iko mezani.

Mdogo wako.